Chemshabongo za mafumbo za The Guardian: bure kabisa, ila tafuta mtu wa kubishana naye

Nianze na bei maana ndo swali la kwanza la kila mtu: ni bure. Gazeti la The Guardian la Uingereza linaweka chemshabongo zake za mafumbo, wenyewe wanaziita cryptic crosswords, kwenye tovuti, unafungua kwa simu unaanza kujaza viboksi, huweki kadi ya benki wala nini, watakuomba mchango wa kulisaidia gazeti lakini ukipita kimya hakuna anayekufukuza. Magazeti mengine makubwa ya London kama The Times nayo yanazo, tena nzuri tu, ila huko mlango unafunguka kwa malipo. Kwa hiyo kama unataka kuonja huu mchezo na upo Tanga kama mimi, au Mombasa, au Muscat, anzia hapa.

Ila nikwambie mapema, hii huduma ni nusu. Nusu ya pili utaitafuta mwenyewe mtaani, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Chemshabongo ya kawaida tunaijua wote, "mji mkuu wa Uganda", herufi 7, unajaza Kampala unaendelea na maisha. Hizi za mafumbo ni mambo mengine kabisa. Kila kidokezo ni sentensi inayosomeka kama sentensi ya kawaida, ila ndani imebeba vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: upande mmoja, mwanzoni au mwishoni, kuna maana ya neno unalotafuta, na upande uliobaki ni maelekezo ya kulijenga neno hilohilo herufi kwa herufi. Ngoja nitoe mfano wa Kiswahili ndo utaelewa haraka. "Samaki waliovurugwa msimu wa mvua", herufi 6. Ukisoma unaona bahari imechafuka, ngalawa zimelala ufukweni, bei ya changu imepanda. Futa picha yote hiyo, ni mtego. "Waliovurugwa" anakwambia lichukue neno SAMAKI uzichanganye herufi zake, na "msimu wa mvua" ndo maana. Zipange upya unapata MASIKA. Hakuna herufi iliyobaki wala iliyoongezwa, na ndo maana ukilipata jibu unajua umelipata, huhitaji mtu akuthibitishie.

Mbinu ziko nyingi na hazijifichi sana ukishazoea. Kuna kuvuruga herufi kama hapo juu, kuna kuficha neno ndani ya maneno mengine, kuna kuunga vipande, kuna kusoma kutoka nyuma, kuna maneno yanayofanana kwa sauti, kuna neno moja lenye maana mbili. Na watu wa pwani hatuanzi sifuri jamani. Nani hajakua na watoto wanaoongea kinyume, nyumba inakuwa "mbanyu", mama anasikia lakini haelewi mmepanga kwenda kuogelea? Nani hajapitishiwa mbele yake kanga yenye maneno, akajua kabisa yamemlenga yeye na hawezi kulalamika maana hakuna aliyemtaja? Hiyo akili ya kusema kitu huku unamaanisha kingine tunayo tangu utotoni, kinachotushinda ni kwamba hizi zimetungwa kwa Kiingereza na watu waliokulia Uingereza, hilo nitalirudia.

Sasa huduma yenyewe. Chemshabongo kubwa inatoka Jumatatu mpaka Jumamosi, namba zake zimeshapita 29,000, na inawekwa mtandaoni usiku wa manane wa kwao, yani kwetu saa tisa usiku, na kipindi kile wanaposogeza saa zao inakuwa saa nane. Wanaoamka daku mwezi wa Ramadhani watanielewa, ni muda mzuri sana huo, kichwa kimetulia na hakuna anayekupigia simu. Ya Jumatatu kwa kawaida huwa laini, afu siku zinavyokwenda inaweza kukaza, ingawa hakuna mahali walipoandika hii ni ngumu na hii ni rahisi. Ya Jumamosi wanaiita Prize, yani ya zawadi, na majibu yake hawayatoi siku hiyo, unasubiri. Kwa anayeanza kabisa kuna mbili zilizotengenezwa makusudi: Quiptic, ya wanafunzi na wenye haraka, na Quick Cryptic waliyoianzisha 2024, ambayo juu kabisa wanakutajia mbinu chache zitakazotumika na wanazifuata hizohizo. Hiyo ya mwisho ndo ningempa mtu yeyote kwanza. Ukirukia moja kwa moja ile kubwa ya Alhamisi utafunga simu ukidhani umezeeka ghafla.

Vitufe ni vya maana. Kuna cha kukagua neno moja, herufi zenye makosa zinafutika na zilizo sahihi zinabaki, kuna cha kufichua jibu, na kuna kisaidizi cha kuvuruga herufi, unaingiza herufi zako kinazichanganya kwenye duara ili jicho lisikwame kwenye neno la mwanzo. Hicho cha mwisho nakitumia bila aibu. Pia unaweza kuichapisha kwenye karatasi, steshenari yoyote wanakutolea kwa hela ndogo tu, na kiukweli karatasi ni bora kuliko simu kwa sababu watu watatu wanaweza kuiinamia pamoja na kalamu moja ikagombewa.

Na hapa ndo nusu iliyokosekana. Ukibonyeza kitufe cha kufichua, kinakupa jibu bila sababu. Neno linatokea kwenye viboksi, unaliangalia, nalo linakuangalia. Limejengwaje? Hakuna maelezo. Kwa mchezo ambao utamu wake wote uko kwenye ile "kwa nini", kupewa jibu tupu ni sawa na kuambiwa matokeo ya mechi bila kuona goli hata moja. Ndo maana nasema usizifanye peke yako.

Sisi tunazifanyia Ngamiani hapa Tanga, kwenye baraza la kahawa, jioni, kashata pembeni. Mkuu wa baraza ni Mwalimu, mzaliwa wa Wete Pemba, amestaafu kufundisha Kiingereza sekondari, ukifika unaanza na shikamoo ndo unaruhusiwa kusema umekwama wapi. Yupo binamu yangu ambaye ni fundi simu na ni mbishi wa kuzaliwa. Yupo na dada wa famasi anayepita akitoka kazini, haongei sana, ila akiongea mnaandika.

Niwape mfano wa ubishi. Kuna kidokezo kimoja maarufu sana kwa wapenzi wa huu mchezo, Mwalimu alitupa siku karatasi imeisha mapema: "Two girls, one on each knee", herufi 7. Wasichana wawili, mmoja kwenye kila goti. Binamu akacheka hapohapo, ameshamuona babu na wajukuu wake mapajani. Tukahangaika na majina ya kike, tukahangaika na mapacha. Dada wa famasi akaweka kikombe chini akasema "patella", ule mfupa wa mbele ya goti, akanyanyua kikombe tena. PAT jina la kike, ELLA jina la kike, wasichana wawili hao wameungana, na patella ipo moja kwenye kila goti.

Binamu akawaka. "Hii sio haki Mwalimu. Majina ya kike huko Uingereza yapo mangapi? Ningejuaje ni Pat na Ella? Kwa nini sio Ann na Mary?"

"Ann na Mary jumla herufi ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Saba."

"Haya mwanangu, nioneshe ANNMARY inakaa wapi kwenye goti."

Baraza zima likaanguka. Ila binamu hakuachia, na nampenda kwa hilo, akasema sawa, lakini mtu asiyelijua hilo neno la kidaktari amekwisha, hana pa kushika, kwa hiyo kidokezo kinawapendelea wenye elimu fulani. Mwalimu akajibu kwamba hapana, asiyelijua anaunga majina, anapata kitu kinachofanana na neno, afu anakwenda kwenye kamusi kulikuta. Dada wa famasi ndo akafunga mjadala bila kujua, akasema mimi hao wasichana wala sikuwaona, nilianza na goti. Yani yeye aliingia kwa mlango wa maana, mwingine angeingia kwa mlango wa majina, wote wangekutana ndani. Kidokezo kizuri kina milango miwili, ukifungiwa mmoja unao mwingine. Nimeshawahi kulipia programu moja ya simu, jina naliacha, ambayo vidokezo vyake havina mlango hata mmoja, unafichua jibu, unalipeleka kwa Mwalimu, analigeuza huku na huku anakurudishia anasema hii sio fumbo huu ni uongo. Tofauti ya The Guardian na vitu kama hivyo ni kwamba hapa kila neno limewekwa na binadamu anayejua atabishiwa.

Na huo ubishi una historia, sio wa kijiweni kwetu tu. Waingereza wenyewe wamegawanyika kambi mbili tangu zamani. Kuna mtunzi wa gazeti la The Observer aliyejiita Ximenes, jina lake halisi Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa lugha za kale, alianza 1939 akatunga kwa zaidi ya miaka thelathini, na yeye alitaka sheria kali: kila neno kwenye kidokezo liwe na kazi yake, sarufi ya maelekezo iwe sahihi, hakuna ujanja wa nusunusu. Kabla ya hapo vidokezo vilikuwa holela kidogo, mtunzi anakudokeza tu kwa mbali afu utajijua. Mwingine aliyejiita Afrit aliiweka vizuri 1949, kwamba mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, lakini analazimika kusema anachomaanisha. Mwalimu hiyo sentensi anaitaja kama aya.

Sasa mfano wa kinachowagombanisha. Kuna mji kaskazini mwa Uingereza unaitwa Gateshead. Mtunzi mkorofi anaweza kuutumia kumaanisha herufi G, kwa sababu ukiukata jina hilo unasomeka kama "kichwa cha gates", na kichwa cha gates ni G. Kambi ya Ximenes wanasema haramu, mji ni mji, hujaambiwa ukate. Kambi huru wanasema mbona kumekaa wazi, cheka uendelee. The Guardian kwa sifa yake ndo nyumba ya kambi huru, na hilo ujue kabla hujaingia, ukitaka sheria zilizonyooka kuna magazeti mengine. Kijiweni Mwalimu ni Ximenes mtupu, binamu ni kambi huru, mimi nakaa katikati nakula kashata za wote wawili. Kiukweli nikilazimishwa nachagua kambi huru, mradi ujanja uwe umenichekesha. Ukinidanganya bila kunichekesha hapo umeniibia muda.

Watunzi wote wa The Guardian wanatumia majina ya kubuni, na jina ndo lebo pekee ya ukali utakayopewa. Paul, ambaye ni John Halpern, ana utani wa chooni, kama umekaa na wakwe usimfungue kwa sauti. Vulcan wa Jumatatu ni mpole. Pasquale, yani Don Manley, anakupa maneno ambayo hata Mwingereza atafungua kamusi, ila njia yake imenyooka. Enigmatist na Vlad, hao nenda ukiwa umeshiba. Ukizoea unajikuta unaongelea watu hawa kana kwamba ni majirani, "leo Vlad kanichokoza", mke wako anauliza Vlad ndo nani.

Ila huwezi kuongelea hizi chemshabongo bila kumtaja Araucaria. Alikuwa padri wa Kianglikana, John Graham, alizaliwa 1921, alianza kutungia gazeti hili 1958 na wengi wanamhesabu kuwa mtunzi aliyependwa kuliko wote. Januari 2013, akiwa na miaka 91, chemshabongo yake ilitoka na maelezo mafupi juu yake kwamba Araucaria anacho namba 18 ya namba 19, kinatibiwa kwa namba 13 na 15. Watu wakajaza kama kawaida yao, kidokezo baada ya kidokezo, na majibu yakatoka: saratani, umio, huduma ya kupunguza maumivu. Aliwaambia wasomaji wake anaumwa, na akawaacha walifikie wenyewe. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Mwalimu alipotusimulia hii, binamu kwa mara ya kwanza hakuwa na hoja, akasema tu huyo mzee alikuwa anawaheshimu watu wake. Nami nakubali. Kuna njia elfu za kutoa habari kama hiyo na yeye alichagua ile ambayo kila msomaji alipaswa kuifanyia kazi.

Haya, ukuta sasa. Nilisema nitarudi.

Hizi zimelowa Uingereza. Sio lugha tu, nchi nzima. Kriketi peke yake ni mtaala: ukiona "duck" mara nyingi ni herufi O, kwa sababu mpigaji aliyetoka bila kupata kitu wanasema kapata bata, na bata wao ni sifuri. "Leg" inaweza kuwa ON, upande mmoja wa uwanja wa kriketi. "Sailor" ni AB au TAR, mabaharia wa jeshi lao la zamani. Mito yao midogo inatokea kila siku, Exe, Dee, Cam, Ouse, na mto wenyewe hawauiti mto, wanauita "flower" kwa sababu ni kitu kinachotiririka, wakati wewe upo bize unatafuta waridi na yasmini. Au "number" ambayo sio namba, ni kitu kinachotia ganzi, kwa hiyo jibu ni dawa ya ganzi. Hiyo ya mwisho dada wa famasi aliipata akiwa bado amesimama. Kuna na mtu wa mashariki ya London anayekula H, ukimuona kwenye kidokezo ujue kuna H inadondoka. Binamu akasema mbona sisi tungeweka mtu anayebadilishana L na R na nchi nzima ingeelewa bila kamusi, akaangaliwa vibaya na jamaa wa meza ya pembeni.

Je huu ukuta ni sababu ya kutoingia? Hapana. Hivi vifupisho vinajirudia sana, kila ukijaza unaokota viwili vitatu, na baada ya muda "duck" unaiandika O kabla macho hayajamaliza sentensi. Ila mtu asikudanganye kwamba ni mchezo wa Kiingereza kizuri tu. Nina jirani ana digrii ya Kiingereza na alitoka mtupu, na binamu ambaye shule aliiacha njiani anampita, kwa sababu fundi simu amezoea kudhani kila kitu kimefunguliwa kikafungwa vibaya.

Kilichonishangaza zaidi ni kile zinachokufanyia kichwani ukizifunga. Unaanza kuyaona maneno ya Kiswahili yakiwa yamelegea skrubu. Lima, mila, mali, lami, imla, zote ni herufi nne zilezile, umewahi kufikiria? Kiswahili kwa hii kazi kimeumbwa, irabu kila mahali, ukivuruga neno una nafasi nzuri ya kuangukia neno lingine. Kijiweni sasa tumeanza kutunga vya kwetu, na hapo ndo sheria za Ximenes zinakuwa za moto kweli kwa sababu unaweza kumkamata mtunzi akiwa kakaa mbele yako.

Binamu alileta "Kuchezea mali ni desturi", herufi 4. Ukizichezea herufi za MALI unapata MILA, na mila ni desturi. Watu walicheka kwa sababu nyingine kabisa, isiyohusu herufi. Dada wa famasi akaleta "Baba kulima kumeficha chombo", herufi 6, na BAKULI imelala pale katikati ya baba na kulima, unaisoma ukiruka silabi ya kwanza na ya mwisho. Mimi nikaleta "Kinywaji cha mnyama mkubwa", TEMBO, ambapo tembo la mgema na tembo wa porini wanagawana kidokezo. Mwalimu akapinga papo hapo: hiyo "cha" inafanya kazi gani? Una maana mbili, kinywaji na mnyama mkubwa, hiyo "cha" haisemi kwamba moja ni sawa na nyingine, inasema moja ni mali ya nyingine, kwa hiyo umedanganya. Nikajitetea kwamba bila "cha" sentensi inakufa. Akasema sentensi kufa ni shida yako wewe mtunzi, sio ya msomaji. Kahawa ya tatu ikaagizwa kwa ajili ya "cha".

Sasa Mwalimu naye akaleta chake, cha Kiingereza, na alikileta kwa majivuno maana ni cha kwao: "Exercise before business degree on clove island", herufi 5. PE ndo kipindi cha mazoezi shuleni, MBA ndo shahada ya biashara, PE mbele ya MBA unapata PEMBA, kisiwa cha karafuu. Kizuri, tena kizuri sana, kinaingia The Guardian bila viatu. Binamu akakisoma mara mbili, akanyoosha kidole kwenye karatasi, akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu samahani, hiyo 'on' hapo inafanya kazi gani?" Mwalimu akasema inaunganisha. Binamu akasema kila neno liwe na kazi yake, sarufi ya maelekezo iwe sahihi, hakuna nusunusu, nani alisema? Mazoezi mbele ya shahada JUU YA kisiwa, kisiwa sasa kipo chini ya nini? Mwalimu akaanza kueleza kwamba kwenye kidokezo cha kushuka chini "on" inaweza kuhesabika, binamu akauliza umetuambia hiki ni cha kushuka? Ilibidi mimi niende msikitini nikawaacha, na narudi nakuta bado wanaendelea, dada wa famasi amependekeza itolewe na iwekwe alama ya kuuliza, "Exercise before business degree? Clove island", Mwalimu anasema inapoteza ladha.

Hiyo ndo nusu ninayosema The Guardian hawaiuzi, na hata wakitaka sijui wangeifungashaje. Wao wanakupa malighafi, safi, ile kubwa kila siku isipokuwa Jumapili, ya bure. Ukiila peke yako chumbani utashiba kiasi, utabonyeza kitufe cha kufichua ukikwama, utapata jibu tupu, utakata tamaa kabla hujafika pazuri. Ukiwa na mtu mmoja tu mbishi, hata wa kwenye simu, hata aliyeko Doha mnatumiana picha za karatasi, thamani yake inapanda mara tatu.

Nyota nawapa nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya majibu yasiyo na maelezo, kitu ambacho kwenye hizi za mafumbo ni kasoro kubwa kwa anayeanza. Ukuta wa kriketi sijaukatia nyota, nyumba ni yao. Kama huna uvumilivu wa kukaa na sentensi moja mpaka kahawa ipoe, achana nazo, tena bila kinyongo, karata zipo, bao lipo. Kama unao, fungua Quick Cryptic ya Jumamosi, ichapishe, ipeleke mahali penye watu, na kitufe cha kufichua kifiche mbali na binamu yako.

Mwalimu anasema "on" inabaki.